Mataifa Yashirikiana Kutafuta Tiba ya Mishipa ya Fahamu

Mtu akianguka kutoka juu ya mnazi, au gari likipinduka barabarani, huenda akaokoka bila jeraha kubwa la kuonekana kwa macho, lakini miguu yake isiweze tena kusimama. Jamaa zake hushangaa, kwa kuwa mifupa ya miguu ni mizima. Wengine husema kwamba amerogwa. Sababu yenyewe imo mgongoni, na wataalamu wa nchi nyingi wameichunguza kwa zaidi ya miaka mia moja. Katika makala haya tutaeleza kazi yao imefika wapi, na kwa nini hakuna taifa moja liwezalo kuimaliza peke yake.

KAMBA IPELEKAYO HABARI

Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo hupita kamba laini, unene wake wapata kidole kidogo cha mkono. Kamba hiyo imefanywa kwa nyuzi nyembamba zisizohesabika. Nyuzi hizo ndizo zipelekazo amri za ubongo kwenye mikono na miguu, na kurudisha ubongoni habari za maumivu, joto na baridi. Kamba ikipondwa au kukatika, amri hufika penye jeraha zikakomea hapo. Aliyeumia mgongoni hupoteza nguvu za miguu. Aliyeumia shingoni huweza kupoteza za mikono pia. Tena hawezi kuzuia mkojo, na ngozi yake isiyosikia maumivu hupata vidonda kwa kulalia upande mmoja.

La ajabu ni hili: mshipa wa fahamu wa mkono ukikatwa kwa panga, na daktari akaushona vema, huweza kuota tena polepole, kadiri ya milimita moja kwa siku. Lakini nyuzi za mgongoni haziponi hivyo. Kwa nini?

MBEGU NJEMA, UDONGO MBAYA

Jibu halikutoka katika nchi moja. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alizitazama nyuzi hizo kwa hadubini, akitumia njia ya kuzitia rangi iliyobuniwa na Camillo Golgi wa Italia. Mwaka wa 1906 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Cajal aliona kwamba nyuzi za mgongoni zikikatika hujaribu kuchipua, kisha hukata tamaa upesi.

Mwaka wa 1981, katika mji wa Montreal nchini Canada, Samuel David na Albert Aguayo, mzaliwa wa Bolivia, walichukua kipande cha mshipa wa mguu wa panya wakakiweka kama daraja mgongoni. Nyuzi zile zilizodhaniwa kuwa haziwezi kuota ziliingia katika daraja hilo zikaota karibu sentimita tatu. Basi ikajulikana kwamba mbegu ni njema. Kasoro imo katika udongo.

Mwaka wa 1988, huko Zurich nchini Uswisi, Pico Caroni na Martin Schwab walionyesha kwamba katika ganda la mafuta linalozifunika nyuzi za mgongoni mna kitu kinachozizuia zisiote. Mwaka wa 2000 makundi matatu ya wataalamu, wa Uswisi, Marekani na Uingereza, yalikitambua kitu hicho kwa wakati mmoja, nacho kikaitwa Nogo.

PISHI MOJA KWA WOTE

Kuponya panya si kuponya mtu. Ili dawa ijulikane kuwa yafaa, haina budi kujaribiwa kwa watu wengi walioumia karibuni, na hospitali moja haipati wagonjwa wa kutosha. Tena, kila daktari akipima kwa njia yake, hesabu zao haziwezi kulinganishwa, kama vile wafanyabiashara wawili wenye pishi zisizo sawa. Kwa hiyo tangu mwaka wa 2001 hospitali kadhaa za Ulaya zimeungana kuwapima wagonjwa kwa njia moja: kuchoma ngozi kwa pini, kuigusa kwa pamba, na kupima nguvu za misuli kwa alama kutoka 0 hadi 5.

Kwa umoja huo dawa ya kukizuia kile kitu Nogo ilijaribiwa Uswisi, Ujerumani, Hispania na Ucheki. Wagonjwa zaidi ya 120 walioumia shingo walishiriki, kila mmoja akianza kutibiwa kati ya siku ya 4 na ya 28 baada ya kuumia. Wengine walipewa dawa yenyewe, wengine dawa bandia isiyo na nguvu, wala hawakuambiwa ni ipi. Matokeo yalitangazwa mwishoni mwa mwaka wa 2024. Kwa jumla, nguvu za mikono ya makundi hayo mawili hazikupitana kwa kadiri ya kuaminika, ingawa zilionekana dalili njema kwa baadhi ya wale ambao kamba yao haikuharibika yote. Habari hiyo haikufurahisha, lakini ni ya kweli, na haikufichwa. Wataalamu wajao wataanzia hapo.

Wengine wamefuata njia ya umeme. Mwaka wa 2018, huko Lausanne nchini Uswisi, Grégoire Courtine na daktari mpasuaji Jocelyne Bloch walieleza jinsi wanaume watatu waliopooza kwa miaka kadhaa walivyoweza kupiga hatua tena, kwa msaada wa mapigo madogo ya umeme yanayotiwa mgongoni. Mwaka wa 2023, wakishirikiana na wataalamu wa Grenoble nchini Ufaransa, waliunganisha ubongo wa Mholanzi mmoja na mgongo wake kwa vyombo vya umeme, naye akaweza kutembea kwa magongo.

YATUPASAYO SISI

Hata sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuotesha tena kamba ya mgongo wa mtu. Kwa hiyo, msomaji, akitokea muuzaji wa sindano au mizizi akikuahidi kwamba mgonjwa wako atasimama upesi, zuia fedha zako.

Lililo mkononi mwetu ni kuzuia madhara yasizidi. Aliyeanguka vibaya asivutwe kwa mikono na miguu, wala asiketishwe garini. Na alazwe juu ya ubao au mlango, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, watu kadhaa wakimwinua kwa pamoja, kisha apelekwe hospitali. Mjini Nairobi iko hospitali ya Serikali ya wagonjwa wa uti wa mgongo. Na aliyekwisha kupooza ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Wataalamu wa mataifa mengi wanaendelea kutafuta tiba. Sisi tumtunze mgonjwa, ili siku itakapopatikana, imkute akiwa hai.