Dawa ya Jirani Huenda Isikufae

Je, umewahi kusikia mkojo unachoma kama pilipili? Unakwenda haja ndogo kila mara, lakini yanatoka matone tu. Wengi wetu hukimbilia dukani. Tunanunua vidonge vinne vya rangi mbili, kwa sababu jirani alivimeza akapona.

Mara nyingi ugonjwa huu huletwa na bakteria aitwaye E. koli. Makao yake ni utumbo mkubwa. Akihamia njia ya mkojo ndipo huleta taabu. Wanawake huugua zaidi, maana njia yao ya mkojo ni fupi.

Zamani ampisilini ilimwua upesi. Siku hizi mara nyingi inashindwa. Ukimeza vidonge vichache, bakteria dhaifu hufa. Wenye nguvu hubaki na kuzaana. Hao ndio sugu.

Hospitali zenye maabara kubwa huotesha bakteria wa mkojo wako katika kisahani. Juu yao huwekwa vipande vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Bakteria wasipoota kuzunguka karatasi fulani, dawa hiyo inawaweza. Majibu huchukua siku mbili au tatu.

Zahanati nyingi hazina kipimo hicho. Hata hivyo nenda. Mkojo wenye damu huenda ni kichocho, na dawa yake ni nyingine kabisa. Ukipewa dawa, imalize hata kama maumivu yamekwisha.

Mama mjamzito, usingoje. Na yeyote mwenye homa na maumivu ya ubavuni aende siku hiyo hiyo. Huenda bakteria wamefika kwenye figo.