DIFU YA MOTOKAA NA MCHEZO WA KUTELEZA
Mashauri kwa Wenye Fedha Kidogo

Madereva wa nchi ya Taita wanaujua sana mkasa huu. Mvua imenyesha, na motokaa yapanda njia ya udongo katika vilima vya Wundanyi. Gurudumu moja la nyuma laingia katika tope la ukingoni, nalo huzunguka bure. La pili limekaa juu ya ardhi kavu, lakini halisogei. Dereva akizidi kukanyaga mafuta, lile la topeni huzidi kurusha matope. Kosa si la injini. Sababu yake ni difu.

Difu imo katikati ya ekseli ya nyuma. Kazi yake ni kuyaruhusu magurudumu mawili yaende kwa mwendo mbalimbali, maana katika kona gurudumu la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani. Gia ndogo zilizomo huyagawia nguvu sawasawa. Lakini usawa huo una hasara yake: gurudumu lenye kushika ardhi halipati nguvu zaidi ya lile lenye kuteleza.

Ili kupunguza hasara hiyo, mafundi walibuni difu ya kuzuia mtelezo. Aina moja ina sahani nyembamba zinazobanwa pamoja. Gurudumu moja likitaka kukimbia peke yake, msuguano wa sahani hulizuia, na nguvu nyingine huenda kwa mwenzake.

Faida yake huonekana sana katika mashindano. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalivijulisha vilima vya Taita kwa madereva wa nchi nyingi. Joginder Singh wa Kenya aliyashinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta alishinda mara 5. Siku hizi vijana wengi hupenda pia mchezo wa drifti, uliotoka Japani, ambao dereva huutelezesha mkia wa gari kwa makusudi katika kona. Mchezo huo wataka magurudumu yote mawili ya nyuma yateleze pamoja. Kwa difu ya kawaida, gurudumu la ndani huzunguka peke yake, na mkia haugeuki ipasavyo.

Je, mwenye fedha kidogo afanyeje? Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kuifufua difu ya sahani ambayo gari lilikuja nayo. Kwanza yamwagwe mafuta ya zamani, yatiwe yale yaliyotengenezwa kwa difu za namna hiyo. Isipopona, ifunguliwe, sahani zipimwe unene, zilizolika zibadilishwe, na washa nyembamba ziongezwe ili zibane zaidi. Kisha ijaribiwe hivi: magurudumu ya mbele yatiwe kabari, gia iwe huru, breki ya mkono ilegezwe, na gurudumu moja tu la nyuma liinuliwe kwa jeki. Ligeuzwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu, na hesabu yake ilinganishwe na kitabu cha gari. Isikazwe kupita kiasi, maana gari litakataa kukata kona, na sahani zitaungua.

Ya pili ni kununua difu iliyotumika, kutoka gari la namna ile ile. Kabla ya kulipa, zihesabiwe meno ya gia na mifereji ya shafti, zisije zikahitilafiana.

Ya tatu ni kuzichomelea gia ndogo ndani ya difu ya kawaida ili magurudumu yafungwe pamoja daima. Hii ndiyo yenye bei ndogo kabisa, lakini wahenga walisema cha rahisi ni ghali. Katika kila kona tairi huburutwa na kulika, na shafti huweza kukatika. Kipande cha chuma kilichochomelewa vibaya kikimeguka, kinaweza kukwama katika gia na kuyakaza magurudumu ghafula gari likiwa mbioni.

Hapo ndipo penye jambo kubwa. Barabara ya kutoka Mombasa hadi Nairobi hupita Voi, nayo ina malori mengi mchana na usiku. Gari lenye difu iliyochomelewa, katika lami yenye maji, laweza kuzungusha mkia bila dereva kutaka. Gari hilo hilo lililochezewa Jumapili huenda Jumatatu likampeleka mama sokoni Mwatate au mgonjwa hospitali. Tena sheria ya Kenya hukataza mashindano ya mwendo katika barabara ya watu wote bila ruhusa.

Basi, gari la kuchomelewa na liwe la uwanjani tu, na lifikishwe huko juu ya lori. Mwenye gari moja tu kwa kazi na kwa mchezo, heri aweke akiba miezi michache zaidi, afuate njia ya kwanza au ya pili. Fedha ya difu hupatikana tena. Uhai wa abiria haupatikani.