Ving'ora ughaibuni: Kila nchi na namna yake ya kupisha

MADEREVA kutoka Tanzania na Kenya wanaokodi magari au kuajiriwa kuendesha nje ya nchi husafiri na mazoea ya nyumbani. King'ora kikisikika nyuma, gari huvutwa kushoto, na mara nyingi dereva hutazama kwanza iwapo anayekuja ni msafara wa kiongozi au ni gari la wagonjwa. Mazoea hayo yanaweza kumponza mtu akiwa Frankfurt, Houston au Sharjah, ambako magari hupita upande wa kulia, na ambako kushindwa kupisha ni kosa lenye adhabu nzito.

Msingi wa sheria hautofautiani sana. Kifungu cha 34 cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani kinamtaka kila mtumiaji wa barabara aliyetahadharishwa kwa taa na sauti maalumu kuacha nafasi na, ikibidi, kusimama. Tofauti zinaanzia hapo: apishe upande gani, apishe lini, na je, anaruhusiwa kuvunja kanuni nyingine ili apishe?

Ujerumani ndiyo nchi inayowashangaza wageni zaidi, kwa kuwa huko dereva hatakiwi kungoja king'ora. Katika barabara kuu za kasi, na katika barabara za nje ya miji zenye njia mbili au zaidi kwa kila upande, magari yanapoanza kutambaa au kusimama kwa sababu ya foleni, sheria inawataka madereva wote waache uwazi katikati. Wajerumani huuita Rettungsgasse, yaani uchochoro wa uokoaji. Walio katika njia ya kushoto kabisa husogea kushoto, na wengine wote, hata kama njia ni tatu au nne, husogea kulia.

Wakufunzi huwafundisha wanafunzi kwa kutumia mkono. Dereva hutazama mgongo wa kiganja chake cha kulia: dole gumba ni njia ya kushoto, vidole vilivyobaki ni njia nyingine, na pengo kati ya gumba na kidole cha shahada ndipo magari ya uokoaji yanapopita.

Huenda mtu akauliza kwa nini magari hayo yasipite pembeni, katika njia ya dharura. Sababu ni kwamba njia hiyo haipo kila mahali, na inapokuwapo huweza kuzibwa na magari yaliyoharibika.

Uchungu wa jambo hili ulionekana Julai 3, 2017, karibu na mji wa Münchberg, jimboni Bavaria. Basi la abiria katika barabara ya A9 liligonga tela la lori lililokuwa mbele yake, likashika moto, na watu 18 wakafariki dunia. Waokoaji walilalamika kuwa baadhi ya madereva waliokuwa katika foleni hawakuacha nafasi ya kutosha. Mwaka huohuo serikali ilipandisha faini ya kosa hilo hadi euro 200 au zaidi, na mwaka 2020 ikaongeza adhabu ya kuzuiwa kuendesha kwa mwezi mmoja.

Aidha, uwazi huo haufungwi baada ya gari la kwanza kupita, kwani polisi wakitangulia, zimamoto na magari ya kuvuta huweza kufuata. Wenye pikipiki nao hawaruhusiwi kujipenyeza humo, jambo ambalo dereva wa bodaboda angelipokea kwa mshangao. Austria ilianza kutumia utaratibu wa namna hiyo mwaka 2012, na Uswisi ikaufanya kuwa wa lazima mwaka 2021.

Uingereza ni habari nyingine. Kwa kuwa magari hupita kushoto kama Afrika Mashariki, mgeni hudhani yuko nyumbani, na hapo ndipo anapojikwaa. Mwongozo wa barabara wa nchi hiyo, katika kanuni ya 219, unamtaka dereva asipaparike, atafakari njia ambayo gari la dharura litafuata, kisha alipishe huku akiendelea kutii alama zote. Maana yake ni kwamba kuvuka taa nyekundu ili kulipisha gari la wagonjwa hubaki kuwa kosa, ambalo adhabu yake ya kawaida ni faini ya pauni 100 na pointi 3 katika leseni. Kuingia katika njia ya mabasi saa zisizoruhusiwa nako huweza kuleta faini.

Vilevile kanuni hiyo inaonya dhidi ya kupanda ukingo wa njia ya waenda kwa miguu, kusimama karibu na kona au kilele cha mlima, na kukanyaga breki ghafla karibu na makutano au kipilefti.

Madereva wa magari ya dharura wa huko wanazijua kanuni hizo. Wakikuta magari yamesimama kwenye taa nyekundu, wengine huzima king'ora na kungoja nyuma ili wasimshurutishe mtu kuvuka. Hufanya hivyohivyo mahali penye mistari miwili myeupe isiyokatika katikati ya barabara. King'ora kikinyamaza mahali hapo, dereva wa mbele asidhani dharura imekwisha. Anapaswa kuendelea kwa mwendo unaoruhusiwa hadi mistari iishe, kisha apishe.

Nchini Marekani kanuni ni nyepesi kukumbuka: vuta gari hadi ukingo wa kulia, nje ya makutano, simama, na usiondoke hadi lipite. Lakini majimbo yote 50 yana sheria inayohusu pia gari la dharura lililosimama kando ya barabara. Dereva anayelikaribia hutakiwa kuhamia njia ya mbali nalo au kupunguza mwendo. Texas, kwa mfano, kwenye barabara nyingi asiyeweza kuhama hupaswa kushuka maili 20 kwa saa, takriban kilometa 32, chini ya mwendo unaoruhusiwa.

Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako Waafrika Mashariki wengi huenda kutafuta riziki, ulipandisha adhabu Julai 2020: faini ya dirhamu 3,000, pointi 6, na gari kushikiliwa siku 30.

Kwa aliyekodi gari, faini haimalizikii uwanja wa ndege. Kamera hupiga picha namba ya gari, polisi huiandikia kampuni, nayo kampuni hutoa jina na anwani ya mteja. Mara nyingi humtoza pia gharama ya kushughulikia barua hiyo, kupitia kadi ileile ya benki aliyolipia gari.