Paa, Jembe na Matofali

Mjini, kijana wa miaka 28 akiwa bado anakaa kwao huitwa "kula kulala", na habari yake imekwisha. Hata kama anashinda juani akiuza vocha, maadamu hana geto analolilipia kodi, huyo hajakua. Kejeli hiyo imepanda hadi Ufipa na barabara ya lami ya Tunduma, na siku hizi inasikika hata Mwazye, wilayani Kalambo, mkoani Rukwa. Lakini Mwazye ina vipimo vyake vya utu uzima, na kodi ya chumba haimo.

Kipimo cha kwanza ni paa. Kijana aliyekwisha kubalehe halali nyumba moja na baba na mama yake. Hapo inalindwa heshima ya wazazi kuliko ya kijana. Hujengewa kibanda pembeni mwa ua, chenye mlango wake, na jioni akienda kula ugali kwa mama yake hakuna anayehesabu matonge. Wanyakyusa wa Rungwe walilifikisha jambo hili mbali zaidi. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi nao miaka ya 1930, alieleza jinsi wavulana wa miaka kumi hivi walivyohama kwa wazazi wakaanzisha kijiji cha rika lao, huku wakiendelea kulima shamba la baba na kwenda kula kwa mama zao, kikundi kizima, mpaka waoe. Wanaume wa miaka 25 wakizunguka kula kwa mama zao! Ungemwambia Mnyakyusa wa wakati ule kwamba hiyo ni aibu, angekushangaa.

Kipimo cha pili ni jembe, na hapa Mfipa hana mzaha. Mvua zinapoelekea kuisha, nyasi hulimwa pamoja na udongo wake, zikageuzwa na kurundikwa kuwa tuta la duara, ntumba. Nyasi huozea ndani, maharage hupandwa juu. Msimu unaofuata tuta husambazwa, na ardhi iliyonona hupandwa ulezi au mahindi. Ni kazi ya kuvunja mgongo, ndiyo maana watu waliifanya kwa kuitana, na pombe ikawasubiri. Mwenye matuta yake aliyeitikia wito wa wenzake hakuulizwa analala wapi.

Aliyekuja kuvuruga hesabu ni mhitimu. Tangu ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ifutwe mwaka 2016, vijana wengi zaidi wamemaliza shule, na baadhi wamefika hadi chuo. Wanarudi na vyeti ndani ya bahasha ya kaki, na mama anaifungia kabatini kama hati ya kiwanja. Kwa wanakijiji huyo amepita ngazi ya jembe. Akilishika anaonekana ameshindwa, asipolishika anaonekana mvivu. Jirani anauliza kwa sauti tamu: "Mama nanihii, mgeni wenu anaondoka lini?" Mimi naona swali hilo ni katili kuliko tusi, maana linamtoa mtu kwao bila kumfukuza.

Jibu ambalo vijana wamelipata linaonekana kwa macho: matofali. Kijana anafyatua, anapanga tanuru, anachoma, kisha analifunika rundo kwa nyasi lisinyeshewe. Bati ni ghali, kwa hiyo rundo linaweza kukaa misimu miwili likingoja bei nzuri ya mahindi. Bado anakula kwa mama, lakini midomo imetulia. Waitalia nao wana dhihaka yao: mwaka 2007 waziri wao wa fedha, Tommaso Padoa-Schioppa, aliwaita vijana wanaong'ang'ania kwa wazazi "bamboccioni", majitoto. Hao hawana mahali pa kuonyesha rundo la matofali.

Binti hana njia hiyo. Aliyezalia nyumbani, au aliyeachika akarudi, anapokewa, na mikono yake inahitajika. Wazazi wakizeeka yeye ndiye anayechota maji na kupika. Tatizo huanza kaka anapooa, wifi akaingia uani na kuuliza shamba la bondeni ni la nani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kuomba ardhi ya kijiji kwa jina lake. Wanaoitumia wapo, ila kwanza inabidi baba akubali kwamba binti yake hangoji kuolewa tena.