William Hoy: Kiziwi aliyewakimbiza wenye masikio

Unadhani usiposikia kelele za mashabiki huwezi kung'ara mbele yao? Basi kutana na William Hoy wa Ohio, Marekani. Homa ya uti wa mgongo ilimwacha kiziwi akiwa na miaka 3. Ukubwani akawa fundi wa viatu, lakini roho ilikuwa kwenye besiboli.

Mwaka 1888 akatua Washington na, msimu wake wa kwanza tu, akaiba besi 82, nambari wani National League. Yaani ukizubaa na mpira, jamaa keshachomoka hadi besi inayofuata!

Juni 19, 1889, akilinda kule nyuma kabisa uwanjani, alirusha mipira iliyowakata wapinzani 3 wakikaribia kufunga. Mechi moja, bana!

Walimwita “Dummy”, yaani bubu. Inauma, sivyo? Yeye alilibeba jina hilo wazi, akaacha mkono ujibu. Aliondoka ligi kuu 1902 na hiti zaidi ya 2,000.

Mwaka 1961, akiwa na miaka 99, alirusha mpira wa ufunguzi kwenye mechi ya fainali mjini Cincinnati. Lakini Jumba la Umaarufu la besiboli bado halijamfungulia mlango. Wewe ungempigia kura?