Mlango Wazi Hautoshi

Masomo ya kusoma: 2 Samweli 4:4, 2 Samweli 9:1-13, Matendo 2:1-11, Yakobo 2:1-9



Mwezi wa 9 unakaribia, wazazi wanatafuta madaftari na unifomu. Ni wakati mzuri wa kujiuliza: katika shule ya kanisa letu, ni watoto gani hawapo? Wengi wanajibu, "Sisi hatumfukuzi mtu, mlango uko wazi kwa wote." Leo tutazame kama mlango wazi unatosha.

Sheria ya inchi inasema nini?

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za umma. Tangu Septemba 2019 Serikali ilianza kulitekeleza neno hilo. Shule za makanisa zilizo katika mapatano na Serikali zinahesabiwa pamoja na shule za umma, kwa hiyo jambo hili linatuhusu. Kifungu cha 45 kinaongeza kwamba kila mtu ana njia ya kuingia shuleni bila kubaguliwa kwa mahali alipotoka, asili yake, dini yake, kuwa mume au mke, mawazo yake, wala hali ya mwili wake, akili yake, macho yake au masikio yake. Tena mwaka 2022 zilitoka sheria mbili: moja inalinda haki za watu wenye ulemavu, nyingine haki za ndugu zetu Wambuti na Batwa.

Sheria hizo ni nzuri. Lakini sheria haiwezi kwenda nyumbani kwa mtoto na kumshika mkono. Kazi hiyo inahitaji mtu. Ndiyo maana tunafungua Biblia.

Mtoto aliyeangushwa siku ya vita

Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano wakati habari mbaya ilipofika kutoka Yezreeli: Sauli na Yonathani wamekufa vitani. Yaya wake akamchukua, akakimbia. Katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Wapendwa, sisi wa upande wa mashariki tunaijua habari hii. Mtoto huyu hakuzaliwa kiwete, vita vilimlemaza. Alihama, akakulia Lo-debari katika nyumba ya mtu mwingine. Ni mlemavu, na ni mdeplase.

Sasa angalieni alivyofanya Daudi. Hakutangaza kwamba mlango wa jumba uko wazi. Kwanza aliuliza kama kuna mtu aliyebaki wa nyumba ya Sauli. Pili, alituma watu wamtoe Lo-debari. Tatu, alimrudishia mashamba, akampa Siba na wanawe kumi na watano na watumishi ishirini wayalime. Nne, alimketisha mezani pake pamoja na wana wa mfalme. Kuuliza, kutuma, kusaidia, kuketisha: hapo tunaelewa usawa ni nini.

Wengine watasema, "Lakini wana wa mfalme hawakutumiwa watu!" Ni kweli, kwa kuwa wao walikuwa na miguu. Usawa si kumpa kila mtu kitu kile kile. Usawa ni kila mtu kufika kwenye meza ile ile.

Na tusipite haraka mstari wa mwisho wa sura ya 9. Mefiboshethi anakula mezani pa mfalme siku zote, na bado ni kiwete miguu yote miwili. Sisi Wapentekoste tunaamini uponyaji, na tutaendelea kuomba. Lakini kuna wazazi wanaomficha mtoto nyumbani, wanasema, "Akipona ataanza masomo." Miaka inapita, mtoto anafika miaka kumi na miwili, hajui kuandika jina lake. Daudi hakungoja miguu ipone. Tuombe, na mtoto aende shuleni.

Mambo manne ndani ya darasa

1. Nafasi ya kukaa. Yakobo anakataza kumkalisha tajiri mahali pazuri na kumwambia maskini akae chini. Katika shule nyingi mtoto wa mtu mkubwa anakaa mbele, na yule asiye na viatu anakaa nyuma. Benchi la mbele lipewe mtoto anayelihitaji. Mtoto albino mara nyingi haoni mbali: awe karibu na ubao, mbali na jua la dirishani, na aruhusiwe kuvaa kofia uwanjani. Mtoto asiyesikia vizuri aone uso wa mwalimu. Mwalimu asiseme huku amegeukia ubao. Kama kuna ngazi mlangoni, wababa wa kanisa wanaweza kujenga mteremko wa mawe na udongo kwa siku moja.

2. Lugha. Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwalazimisha watu wa Misri na wa Krete wajifunze kwanza lugha ya Galilaya. Kila mmoja alisikia katika lugha yake. Mtoto wa mwaka wa kwanza aanze kuelezwa mambo kwa lugha anayoifahamu, halafu apelekwe kwa Kifaransa polepole. Na mtoto aliyehama kutoka mbali asichekwe kwa namna anavyosema. Jina la kabila lisiwe tusi katika uwanja wa shule yetu.

3. Wasichana. Tuchunguze nani anafagia darasa na nani anachota maji ya mwalimu. Kama ni wasichana tu, wavulana nao washike fagio. Vyoo vya wasichana viwe peke yake, na viwe na mlango unaofungwa. Mwalimu amuulize msichana maswali ya hesabu kama anavyomuuliza mvulana. Na mzazi mwenye watoto wawili asimwondoe msichana kwanza wakati pesa ya unifomu haitoshi.

4. Mtoto anayeitwa mchawi. Hapa tuseme wazi, kwa maana mara nyingine neno hili linatoka katika vinywa vya watu wa maombi. Mtoto ana kifafa, au anakojoa kitandani, au baba amepoteza kazi, na mtu anasema ameona katika maono kwamba ni mtoto huyu. Kuanzia siku ile hakuna anayekubali kukaa naye benchi moja. Halafu tunamkuta sokoni, analala nje. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na imeweka adhabu ya kifungo. Lakini kabla ya sheria kuna Yesu, aliyekasirika wanafunzi wake walipowazuia watoto wasimfikie. Mtumishi wa Mungu asiwe mtu wa kufunga mlango ambao Bwana alifungua.

Lakini mwalimu ana watoto wengi!

Ni kweli. Tangu masomo yawe ya bure, madarasa mengi yamejaa kupita kiasi. Hatuwezi kumwekea mwalimu mzigo huu peke yake. Daudi alimpa Mefiboshethi watu wa kusaidia, hakumwachia kila kitu mtumishi mmoja. Kanisa ndilo Siba wa leo: mama mmoja anaweza kumsindikiza mtoto kipofu kila asubuhi, kijana wa korali akaketi na watoto watatu wanaochelewa kusoma, shemasi akatengeneza benchi.

Kazi ya wiki hii

Kila kikundi cha maombi kipite katika kartie yake kabla ya shule kufunguliwa. Ulizeni kama Daudi: "Katika nyumba hii kuna mtoto aliyebaki?" Andikeni jina lake, miaka yake na kinachomzuia. Pelekeni orodha kwa direkta na kwa mchungaji, na kwa kila jina muandike pia nani atakayemleta siku ya kwanza.

Bwana atupe macho ya kuwaona walio Lo-debari, na miguu ya kwenda kuwachukua. Mungu awabariki.