Dawa ilikuwako, njia ilifungwa

Mwaka 2020, wakati wa Covid-19, wazee wengi wenye virusi vya SIDA walipata taabu. Dawa ilikuwa hospitali, lakini kufika kule? Katika Uganda, mwezi wa 3, serikali ilikataza magari ya abiria, kisha hata magari ya watu wenyewe. Pikipiki haikuruhusiwa kubeba mutu. Mugonjwa alipaswa kuomba ruhusa kwa mukubwa wa wilaya, ni kusema kutoa siri yake. Na mama muzee ambaye wajukuu hawajui ugonjwa wake, atamutuma nani?

Kwetu Kongo, hali ya dharura ilitangazwa tarehe 24/3/2020. Lubumbashi ilifungwa siku mbili. Sisi wa Kamina tunajua njia ndefu: treni ikichelewa, vitu mingi vinachelewa.

Dawa hizi ni za kila siku. Ukiacha, virusi vinapata nguvu tena. Tangu 2016 OMS inashauri mugonjwa mwenye hali nzuri apewe za miezi 3 mpaka 6 mara moja. Muzee mwenye presha na magoti yanayouma amuulize muganga habari hiyo. Na wewe kijana, ukitumwa kuchukua mufuko wa dawa, usiufungue.